Mashine ya Mjomba

Ikiwa umewahi kupita nyuma ya gereji za mtaani kwetu hapa Thika, basi umeisikia kompresa ya Baba kabla ya kuiona. Hunguruma kama trela linalopanda mlima, hunyamaza ghafla, halafu huanza tena. Nimekulia kando ya mngurumo huo. Hata leo nikisoma mahali penye kimya naona kama kuna kitu kimepotea. Upepo wake hujaza matairi ya watu na hupuliza rangi magari yao, na ndio unaonilipia karo.

Mwaka jana, likizo ya Agosti, Mjomba alituletea mashine nyingine juu ya pikapu ya kukodi.

Mjomba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda fulani kwa miaka kumi na miwili, hadi alipopunguzwa kazi. Wengine wakipunguzwa hununua bodaboda. Yeye na wenzake wawili waliunganisha malipo yao ya mwisho, wakakopa kwenye sako, wakasajili kampuni, wakaagiza kompresa tatu za viwandani zisizokula stima ovyo. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbegu. Mama alimwambia ndugu yake kuwa ana wazimu, lakini alimwambia kwa mapenzi.

Jioni hiyo nilitega masikio kama sungura. Kompresa ya Baba ni ya pistoni. Ya Mjomba ina skrubu mbili nene zinazozunguka zikiumana, na upepo hubanwa katikati yake. Mota inaongozwa na kifaa cha elektroniki: kazi ikipungua nayo hupunguza mwendo, kazi ikizidi huongeza. Si uchawi wa juzi. Kampuni ya Atlas Copco ilianza kuuza kompresa za namna hiyo mwaka wa 1994, kabla hata sijazaliwa. Lakini viwandani bado kuna mashine nyingi za mtindo wa zamani ambazo kazi ikiisha hazizimiki, huendelea kuzunguka bure, na huko kuzunguka bure kunaweza kula robo au hata thuluthi ya stima ya kazi kamili.

Mjomba alinivuta hadi kwa kompresa ya Baba, akaniambia niguse bomba linalotoka kwenye pistoni. Nikaguse! Niliruka nikipuliza vidole.

"Moto huo ni stima ya baba yako," akasema. "Ikiingia sehemu kumi, inayofika kwenye kazi ni kama moja. Zingine zote ni joto tu, mpwa wangu."

Akaniambia pia kwamba ukiitumia kompresa ya kiwandani kwa miaka kumi, bei uliyoinunulia ni kijisehemu tu. Karibu robo tatu ya gharama yake yote huwa ni stima. Sasa mbona watu wasikimbilie mashine yake? Kanuni za serikali za mwaka wa 2012 ziliwataka wenye viwanda vinavyotumia yuniti 180,000 kwa mwaka au zaidi wafanyiwe ukaguzi wa matumizi ya nishati, naye Mjomba alidhani hapo ndipo soko lilipokuwa likimngoja. Lo! Kwa miezi mitano aliishia getini. Palipomkaribisha ndani walitazama bei tu, wakamwambia kuna nyingine ya nusu bei. "Anayenunua mashine ana daftari lake," alilalamika, "na anayelipa stima ana lake. Hawajawahi kukaa meza moja."

Ndivyo alivyomjia Baba na ile ndogo kuliko zote tatu. Baba si kiwanda, lakini ni shemeji yake. Walikubaliana alipe kidogo kidogo. Malipo ya kwanza yangetoka kwenye akiba ya karo yangu ya muhula uliofuata, na Mama alikubali kwa sababu ndugu yake alikuwa ameanza kuuza viti vya nyumba.

Ijumaa kabla ya kutia sahihi, mafundi walikuwa wameenda kibandani kula chakula cha mchana. Nilibaki peke yangu kulinda vifaa. Hakuna aliyekuwa akitumia upepo. Hata hivyo kompresa ikanguruma! Nikatoa simu nikapima. Ilinguruma dakika moja, ikanyamaza dakika tatu, ikanguruma tena dakika moja. Nilipima mara nne. Ikiwa hakuna anayetumia, upepo ulikuwa unaenda wapi? Nikakoroga sabuni ya unga kwenye ndoo, nikaanza kupaka maungio yote kwa brashi. Ama kwa hakika sikuamini macho yangu. Mapovu yalifura kama maandazi. Nilihesabu mahali saba, na pabaya zaidi palikuwa kwenye mpira ambao Baba mwenyewe alikuwa ameufunga kwa tambara.

Jioni hati ilikuwa mezani, Mama amekwisha kuleta chai. Nikapiga moyo konde nikasema nilichokiona.

Kimya. Mama alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau.

Baba akageuka. "Shemeji, ni kweli?"

Mjomba angeweza kucheka na kusema mimi ni mtoto. Badala yake alichukua kalamu. Mota ya Baba ni ya kilowati 5.5. Dakika moja katika kila nne ni robo, na robo ya saa kumi za kazi ni saa mbili na nusu. Yaani yuniti zaidi ya 13 kila siku, zaidi ya 300 kwa mwezi, za kupuliza hewani.

"Ni kweli," akasema. "Nikikuuzia hii kabla ya kuziba, utavujisha upepo ule ule kwa mashine ya bei ghali. Tena hii yako hujizima yenyewe ikijaa. Yangu ingekupunguzia, lakini si kwa kiasi nilichoandika hapa." Akaikunja ile hati, akaitia mfukoni, akamaliza chai yake.

Baba alinunua mipira na vibano kwa pesa zisizofika bei ya tairi moja. Sasa wakati wa chakula kompresa hukaa hata robo saa bila kuguna. Mama naye kwa siku tatu hakunisemesha ila kunituma maji. Siku ya nne alisema tu, "Ungemwambia kando." Nimelifikiria neno hilo sana. Kando angesema vile vile? Nadhani angesema. Lakini sikumpa nafasi ya kulisema mwenyewe.

Mwenzake mmoja amejitoa, anadai fungu lake. Sako haijaacha kukata. Mjomba hujifariji kwa kunisimulia kuhusu Lontra, kampuni iliyoanzishwa Uingereza mwaka wa 2004 kwa kompresa ya umbo jipya, ambayo ilingoja miaka kadhaa kabla ya shirika la maji la Severn Trent kuijaribu kwenye mtambo wa maji taka. Siku hizi haendi viwandani na karatasi za bei. Huenda na ndoo ya sabuni, akiomba apewe Jumapili moja. Kiwanda kimoja kilimlipa kwa kazi hiyo, na baadaye mhasibu na fundi mkuu walimwita pamoja wakauliza bei ya ile mashine kubwa. Hawajajibu.

Ile ndogo ingali stoo kwetu chini ya turubai. Kila Jumamosi Mjomba huja kuiwasha ili isikae bure. Hainguruni, huvuma tu kama friji. Baba husimama mlangoni na bunduki ya rangi mkononi, husikiliza kidogo, kisha hurudi kwenye gari lake.