Kizuri Kula na Nduguyo: Namna ya Kumchagulia Mwenzio Anime na Tamthilia za Kisayansi

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kizuri kula na nduguyo. Mpenzi wa anime, yaani filamu na tamthilia za katuni zitengenezwazo Japani, hali peke yake. Amalizapo kuitazama tamthilia iliyomkosesha usingizi, jambo la kwanza analolitamani si kulala bali ni kumpata mwenzake wa kumsimulia. Ndivyo alivyo pia mpenzi wa tamthilia za bunilizi za kisayansi, zile zinazohusu vyombo vya angani, roboti na sayari za mbali. Katika mabweni ya vyuo vikuu vya Kenya, hadithi hizi zimepita mkono kwa mkono, kwanza kwa diski, kisha kwa flashi, na hatimaye kwa mtandao. Hata hivyo, kula na ndugu ni jambo moja, na kumlisha ndugu asichokiweza ni jambo jingine. Makala haya yanashikilia kwamba pendekezo jema huanza kwa kumjua anayependekezewa, ndipo tamthilia yenyewe ifuate.

Kabla ya kufika huko, yafaa kuondoa kikwazo kimoja. Wako wasomi wanaozibeza kazi hizi kwa madai kwamba katuni ni za watoto na kwamba roboti hazina la kumfunza mwanafasihi. Wasomi hao wameutazama mlango, nao waliotangulia walikwisha kusema kuwa nyumba njema si mlango. Mfano mmoja watosha. Tarehe 1 Januari 1963, runinga ya Japani ilianza kuonyesha Tetsuwan Atomu, kazi ya Osamu Tezuka, mtu aliyesomea udaktari kisha akauchagua usanii. Ndani yake, mwanasayansi aliyefiwa na mwanawe anaunda roboti yenye sura ya mtoto huyo. Baadaye anaikataa kwa kuwa haikui kama mtoto wa binadamu. Msomaji yeyote wa fasihi atatambua kwamba suala hapa si mashine. Suala ni huzuni ya mzazi, na haki ya kiumbe kupendwa jinsi alivyo.

Nazo bunilizi za kisayansi za Marekani haziko mbali na mwanafunzi wa Kiswahili kama anavyodhani. Tamthilia ya Star Trek ilipoanza mwaka 1966, miaka mitatu tu baada ya Kenya kujitawala, miongoni mwa maafisa wa chombo chake alikuwamo mwanamke mweusi, Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Jina hilo limetokana na neno la Kiswahili, uhuru. Katika kipindi kimoja cha mwaka 1967, kiitwacho The Changeling, kumbukumbu za Uhura zinafutwa na inabidi afundishwe kusoma upya. Anapokwama katika Kiingereza, lugha inayomtoka kinywani ni Kiswahili. Waandishi wa Marekani walipotaka kuonyesha lugha iliyobaki katika kilindi cha nafsi ya mtu wa karne ya 23, walikichagua Kiswahili.

Baada ya hayo, lirejelewe suala la kupendekeza. Kosa kubwa la mashabiki ni kusahau kwamba ukipenda, chongo huita kengeza. Shabiki hupendekeza alichokipenda yeye, kwa sababu alizokipendea yeye, wala hajiulizi mwenzake yu katika hali gani. Isitoshe, husahau kwamba anaomba muda. Anime ya vipindi 26, kila kimoja dakika 24 hivi, huchukua zaidi ya saa 10. Ile ya vipindi 64 hukaribia saa 26. Kwa mwanafunzi mwenye tasnifu mezani, saa hizo si haba. Na wakati mwingine mwenzake huombwa kutoa kilicho kizito kuliko muda.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alifiwa na mama yake wakati wa mitihani. Alikuwa hajaenda nyumbani wiki ile ya mwisho, kwani aliambiwa mgonjwa ana nafuu, asome. Aliporudi chuoni baada ya mazishi, mwenzake wa chumbani, kwa nia njema kabisa, alimpa Fullmetal Alchemist: Brotherhood ya mwaka 2009 ili imliwaze. Ni anime iliyotokana na kazi ya Hiromu Arakawa, na mashabiki wengi huitaja miongoni mwa zilizo bora. Lakini mwenye kuitoa alikumbuka mapigano na mizaha tu. Hakukumbuka kwamba katika kipindi cha pili, ndugu wawili, Edward na Alphonse, wanajaribu kumfufua mama yao kwa elimu ya alkemia, na kwamba kinachotokea si mama. Edward anapoteza mguu na Alphonse anapoteza mwili mzima. Edward anautoa mkono wake ili roho ya mdogo wake ifungwe katika vazi la chuma. Mkono mtupu haulambwi, na hiyo ndiyo kanuni ya alkemia katika hadithi hiyo: hupati kitu ila kwa kutoa cha thamani sawa.

Yule aliyefiwa aliizima tarakilishi kabla kipindi hakijaisha. Alimuuliza mwenzake neno moja tu, «Mbona hukuniambia?» Kwa majuma mawili, waliishi chumba kimoja kama wapangaji wasiojuana.

Ajabu ni kwamba likizo ilipofika aliirudia tamthilia hiyo mwenyewe, peke yake, akaimaliza. Kuna sehemu ya katikati ambapo Edward anakifukua kile walichokizika usiku ule. Kilichomo hakitatajwa hapa, maana si adabu kumnyang'anya mtazamaji taharuki yake. Yatosha kusema kwamba Edward anagundua kuwa sehemu ya hatia aliyoibeba miaka mingi haikuwa yake kuibeba. Mwanafunzi yule alimweleza mwenzake kwamba hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Tamthilia ilikuwa ile ile na mtazamaji alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni wakati, na uhuru wa kuamua mwenyewe yu tayari. Hapo ndipo lilipo funzo: anayempa mwenzake hadithi na amwambie, bila kufichua ploti, ni mlango gani wa moyo utakaobishwa.

Kwa kuzingatia hilo, nani apewe nini?

Mgeni kabisa, ambaye hajawahi kuitazama anime yoyote, na apewe Cowboy Bebop ya Shinichirō Watanabe, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1998. Ina vipindi 26, na vingi vinajisimamia kama hadithi fupi katika diwani. Wahusika wake ni wawindaji wa wahalifu wanaozurura angani mwaka 2071 wakiwa na njaa, madeni na mambo ya kale wasiyotaka kuyasimulia. Mgeni akichoka anaweza kuacha baada ya vipindi vitatu bila hasara. Lakini mchovya asali hachovyi mara moja.

Mwanafunzi wa isimu na apewe The Expanse, tamthilia ya misimu sita iliyoonyeshwa kati ya 2015 na 2022. Humo, watu waliozaliwa katika ukanda wa visayari wanachimba barafu na madini kwa faida ya Dunia na Mirihi, nao wana krioli yao wenyewe. Lugha hiyo iliundwa kwa ajili ya tamthilia na mwanaisimu Nick Farmer, kwa kuchota maneno katika lugha nyingi za dunia. Watu hao pia hutumia ishara za mikono, kwa kuwa mababu zao walifanya kazi ndani ya mavazi ya angani ambamo sauti haisikiki. Aliyesoma isimujamii atafurahi kuona mhusika akibadili msimbo mara tu anapoingia bosi kutoka Duniani, na kurudi kwenye krioli mara mlango unapofungwa. Ni jambo analolishuhudia kila siku kati ya Sheng, Kiswahili sanifu na Kiingereza. Hata hivyo aonywe kwamba vipindi vya mwanzo ni vizito na wahusika ni wengi. Subira itahitajika.

Mpenzi wa siasa na apewe Battlestar Galactica iliyoanza kwa filamu ya sehemu mbili mwaka 2003 na kumalizika mwaka 2009. Jamii nzima ya binadamu imeangamizwa, na walionusurika, wapatao 50,000, wanakimbia katika msafara wa vyombo vya angani. Katika kipindi kiitwacho 33, adui anawafikia kila baada ya dakika 33, na kwa siku kadhaa hakuna anayelala. Rais wao huandika ubaoni idadi ya walio hai, nayo hupungua kila siku. Kipindi kinapofikia mwisho anaongeza mtu mmoja, kwa kuwa mtoto amezaliwa. Kitendo hicho kidogo kinaeleza wajibu wa kiongozi kuliko hotuba ndefu.

Anayependa uhalisia, yule asiyevutiwa na vita vya roboti, na apewe Planetes, anime ya vipindi 26 ya mwaka 2003 iliyotokana na kazi ya Makoto Yukimura. Mashujaa wake ni waokota taka. Mwaka 2075 wanakusanya vipande vya setilaiti na roketi vinavyoizunguka Dunia, kwani hata parafujo moja ikienda kasi inaweza kuua. Tamthilia inauliza pia ni nani anayefaidi utajiri wa anga, na mataifa maskini yanapata nini. Mkenya hana haja ya kuambiwa kwamba huo si uzushi. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzani wa kilo 500 hivi ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni.

Ama Neon Genesis Evangelion ya Hideaki Anno, ya mwaka 1995, isiwe ya kuanzia. Ni kazi kubwa, lakini vipindi vyake viwili vya mwisho vinaacha vita nje na kuingia katika akili za wahusika wanaojichukia. Mtu aliye katika msongo wa mawazo asiachiwe aitazame peke yake usiku. Ikiwa lazima, na itazamwe kwa pamoja, kisha watazamaji wakae wazungumze.

Hatimaye, mpendekezaji asisahau vya nyumbani. Riwaya ya Katama Mkangi, Walenisi, ya mwaka 1995, ilimrusha mhusika wake, Dzombo, hadi ulimwengu mwingine, na jina la ulimwengu huo lenyewe lasema kwamba wale ni sisi. Mwaka 2009, Wanuri Kahiu alitoa Pumzi, filamu fupi ya dakika 20 na ushei kuhusu Afrika iliyokaukiwa na maji baada ya vita. Mwaka 2023 ukaja mkusanyiko wa filamu fupi 10 za katuni za Kiafrika uitwao Kizazi Moto, na miongoni mwazo imo Enkai ya Ng'endo Mukii wa Kenya. Majina Pumzi na Kizazi Moto ni ya Kiswahili, ingawa mazungumzo mengi ya filamu hizo ni ya Kiingereza. Hapo pana kazi inayomsubiri mwanafunzi wa Kiswahili. Shabiki anayempendekezea mwenzake anime au tamthilia ya anga kwa Kiswahili fasaha, akatafuta neno la kila chombo na kila hisia, tayari ameanza kuiandaa lugha itakayosimulia hadithi kama hizo. Siku itakapofika, wasimulizi hawatakosa maneno, wala hawatakosa hadhira iliyofunzwa kusikiliza.