Kuituliza Nafsi Kabla ya Kulituliza Darasa

Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha wilayani Handeni, nilimpiga kofi mtoto wa darasa la tatu kwa kuchelewa kipindi cha Hisabati. Mwalimu mwenyeji wangu aliniita kando, akanieleza kwa upole kwamba mtoto yule alikuwa ametoka kisimani. Kilikuwa kiangazi, na foleni ya maji ilianza kabla ya alfajiri. Andalio langu la somo lilikuwa na shabaha, zana na hatua zote zilizotakiwa. Juu ya hasira yangu sikuwa nimefundishwa lolote.

Sasa ni mkufunzi Korogwe. Jirani yangu mmoja, anayesomea uuguzi, alinisimulia kuwa siku alipofariki mgonjwa wake wa kwanza alitandika upya kitanda, akakabidhi zamu, kisha akaenda kulia bwenini peke yake. Isabel Menzies alilieleza jambo hili mwaka 1960, baada ya kuichunguza hospitali moja ya London. Kazi iligawanywa vipande vipande ili muuguzi asimzoee mgonjwa; hata hivyo hofu ilibaki, na wanafunzi wapatao theluthi moja hawakumaliza mafunzo.

Mwaka 1998 James Gross, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha kwamba hisia huongozwa vyema zaidi mapema, kwa kulipa tukio maana nyingine, kuliko kuzuiwa ikisha kupanda. Anayejiuliza, "Mtoto huyu ametoka wapi?" hukasirika kidogo kuliko anayesema, "Ananidharau."

Kwa hiyo, wakati wa mazoezi, kundi langu huketi kila jioni kabla ya kuandika maandalio. Kila mmoja hutaja jambo moja lililomuudhi au kumhuzunisha. Wenzake humwuliza: Ni nini kilichotokea? Ulidhani kina maana gani? Kingeweza kuwa na maana gani nyingine? Fomu ya alama siji nayo. Juma la kwanza wote walinyamaza, mpaka niliposimulia habari za kofi lile. Ndipo binti mmoja akakiri kuwa kila asubuhi hutetemeka mbele ya darasa lake.

Mazungumzo haya hayapunguzi wingi wa wanafunzi darasani, wala hayaleti maji kijijini. Na mwenzetu ambaye huzuni yake haiondoki, anayekosa usingizi na hamu ya chakula, apelekwe hospitali kama mgonjwa mwingine yeyote.

Ndugu mwalimu mwanafunzi, mtoto yule sikumwomba radhi. Mazoezi yalikwisha kabla sijapata ujasiri. Wewe ukikosea, mwombe radhi wako siku ile ile.