USIFUNGUE BANDEJI MAPEMA

Leo sina mahubiri marefu. Nina habari ya njiwa mmoja, na ndani ya hiyo habari kuna kosa langu mimi mchungaji wenu. Naomba usome mpaka mwisho.

Mwisho wa Aprili, mvua ikiwa imeshika, jirani wa ploti ya pili alihama usiku. Mnajua vile watu huhama kodi ikikataa kupatikana. Pikapu inakuja saa nne, godoro linapanda, mtungi wa gesi unapanda, watoto wanapanda, asubuhi mlango uko wazi. Simlaumu. Kijana wa nyumba ile alikuwa anafuga njiwa nyuma ya jikoni. Aliwabeba wote isipokuwa mmoja.

Binti yetu ndiye alimpata, chini ya tangi la maji, amelowa, bawa la kushoto linaburuta kwa matope. Paka alikuwa amemfikia kwanza. Mtoto akamleta ndani akiwa amemfunga kwa sweta ya shule.

Mimi nilikuwa mezani natayarisha ujumbe wa Jumapili. Unajua ulihusu nini? Kondoo mmoja aliyepotea. Nikamwambia, "Mrudishe nje, huyo hataona asubuhi. Niko na kazi ya Mungu hapa." Mtoto akaniangalia, akaangalia Biblia, akanyamaza. Ni mama watoto aliyeuliza kutoka jikoni, "Baba, na wale tisini na tisa wako salama?"

Nilifunga Biblia nikaenda kutafuta boksi.

Asubuhi nilimpeleka kwa daktari wa mifugo pale agroveti ya steji. Mzee mpole, amezoea ng'ombe na kuku. Akamshika njiwa kwa mikono miwili kama mtu anayeshika yai. Akasema, "Pasta, mfupa wa bawa umevunjika, na jino la paka ni sumu kwa ndege, lazima nimpe dawa leo. Lakini angalia na hapa." Akafungua lile bawa lingine, zima. Manyoya marefu ya kurukia yalikuwa yamekatwa kwa makasi, yote, sawasawa.

Akanieleza. Njiwa hukumbuka kwao. Ukimnunua leo ukamwachilia kesho, anarudi kwa mwenyewe wa kwanza. Kwa hivyo wengine humkata manyoya asiondoke. Huyu wetu alinunuliwa, akakatwa ili asirudi kwao, halafu waliomkata wakahama wakamwacha. Paka alipokuja, hakuwa na namna ya kukimbia.

Daktari alifunga bawa likalala mahali pake pa kawaida, kisha akalizungushia bandeji pamoja na mwili, lakini si kwa kukaza. Alisema ndege hupumua kwa kupanua kifua chote, ukimkaza hapo utamuua ukidhani unamtibu. Akanipa masharti. Boksi liwe mahali penye joto na giza kidogo, mbali na kelele. Usimmiminie maji mdomoni, yataingia mapafuni. Weka kisahani, njiwa ataingiza mdomo na kufyonza mwenyewe. Mpe mtama, mahindi yaliyovunjwa na ndengu, na changarawe ndogo kidogo, kwa sababu hana meno na hizo ndizo humsaidia kusaga chakula tumboni. "Na hiyo bandeji usiiguse. Umrudishe kwangu baada ya wiki mbili, mimi ndiye nitaangalia."

Sasa sikiliza kosa langu.

Siku ya sita njiwa alikuwa anakula vizuri, jicho limechangamka, ananguruma ukikaribia boksi. Nikasema moyoni, huyu amepona. Na ukweli niuseme: nilitaka video. Nilitaka niweke hapa kwa ukurasa huu, njiwa anaruka kutoka mkononi mwangu, na maneno ya ushindi chini yake. Nikampa binti simu ashike. Nikakata bandeji. Nikamrusha juu kidogo.

Alianguka kama jiwe. Lile bawa lilifunguka vibaya na nikasikia sauti ndogo ambayo sitaisahau. Mtoto alizima simu bila kuambiwa.

Daktari hakunigombeza sana. Alifunga tena, akaanza kuhesabu upya, na akasema jambo moja: "Pasta, alikuwa amepona njaa na baridi. Mfupa alikuwa hajapona. Wewe uliona jicho ukadhani umeona bawa."

Usiku ule sikulala, na sababu haikuwa njiwa.

Kuna dada katika kanisa letu. Amenipa ruhusa niandike haya bila jina. Januari alizika kifungua mimba wake. Kanisa tulisimama naye, tulichanga, tulilala matanga. Wiki tatu baadaye alikuja ibada, amevaa vizuri, anaimba. Niliona jicho. Nikamwita mbele, nikampa maikrofoni, nikasema, "Dada, waambie watu vile Bwana amekushindia." Alisimama pale. Akasema sentensi mbili, watu wakapiga makofi, mimi nikapaza sauti, kinanda kikaingia. Jumapili iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata. Na mimi nikawaambia wazee wa kanisa kwamba dada amepoa kiroho.

Wapendwa, hakuwa amepoa. Mimi ndiye nilikata bandeji.

Someni Ayubu 2:13. Wale marafiki wa Ayubu tunawasema vibaya, lakini walianza vizuri kuliko mimi. Walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, hakuna aliyemwambia neno, kwa sababu waliona uchungu ulivyo mkubwa. Makosa yao yalianza walipofungua mdomo. Na Zaburi 147:3 haisemi tu kwamba Mungu anaponya moyo uliovunjika. Inaendelea na kusema anahudumia vidonda vyenyewe. Kuhudumia kidonda ni kazi ya kila siku, haina makofi.

Juni nilienda kwake. Nilienda na mama watoto, bila Biblia kubwa, na mkate na maziwa. Nikamwambia, "Dada, nilikukosea siku ile. Nisamehe." Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Pasta, siku ile sikuwa na ushuhuda. Nilikuwa na kilio, na hukunipa nafasi ya kulia." Tukalia pamoja, sisi watatu. Sikuomba kwa sauti. Chai ilipoa.

Na njiwa? Mfupa ulishika baada ya wiki tatu za pili. Lakini hakuruka, kwa sababu ya yale manyoya. Nilidhani yataota tu kama nywele. Daktari akasema hapana, unyoya uliokatwa haurefuki. Kishina chake lazima kidondoke kwanza wakati wake ukifika, ndipo mpya utoke. Hakuna mafuta ya kupaka, hakuna njia ya mkato. Kuanzia Julai binti yetu akawa anaokota vishina ndani ya boksi, kimoja, halafu kingine. Mwezi wa kumi, asubuhi moja, njiwa alitoka mwenyewe mpaka juu ya mabati ya kanisa. Hakuna aliyekuwa na simu mkononi.

Yule dada amerudi. Anakaa nyuma, karibu na mlango, na siku zingine hutoka kabla ya matoleo. Nimewaambia mashemasi wasimsogeze mbele. Hajatoa ushuhuda na mimi sijamuuliza.

Linganisha Mathayo 10:29 na Luka 12:6. Shomoro wawili kwa senti moja, lakini ukinunua wa senti mbili unapata watano. Yule wa tano ni nyongeza, kama mama mboga anavyokuongezea nyanya moja. Hana bei kabisa. Na Bwana wetu anasema hata huyo Mungu hajamsahau. Kama ulikatwa na watu halafu wakakuacha, wewe si wa kutupwa. Kama bado unauma, Mungu hana haraka ya video yako.

Na jambo la kawaida tu: ukiokota njiwa au kuku aliyeumia, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kama ni ndege wa porini usimfuge nyumbani, sheria hairuhusu. Wapigie KWS.

Tuombe. Baba, tusamehe sisi wachungaji tuliopenda ushuhuda kuliko mtu. Tufundishe kukaa chini na aliyeumia. Na yule ambaye bado yuko ndani ya boksi gizani, mpe joto, mpe maji, mpe muda. Katika jina la Yesu. Amina.

Leo sitasema uandike Amina hapo chini. Kama bado uko kwa bandeji, andika tu "niko hapa". Nitakuombea, na sitakuita mbele. 🙏