Upanga Huu wa Kazi Gani?

Tuko wanne, tunatengeneza hadithi ya katuni yenye dunia ya kubuni: makabila matano, bahari moja, jangwa moja, na vita ambavyo sisi wenyewe bado hatujui vitaishaje. Mchoraji wetu alipoleta kurasa za kwanza, watu wa jangwani, wa pwani na wafugaji wote walikuwa wameshika upanga uleule wa filamu za wafalme wa Ulaya, mrefu, ulionyooka, una kikingio cha msalaba. Tofauti ilikuwa rangi ya mpini tu. Nikagoma. Mmoja akaniuliza, kwani sisi tulikuwa na upanga gani zaidi ya panga la kufyekea?

Swali hilo liliniuma, tena linaulizwa katika jiji lenye eneo zima linaloitwa Upanga.

Chukua sime ya Kimasai. Kila usiku iko Kariakoo, kiunoni mwa walinzi wanaokaa nje ya maduka, ila tumeizoea mpaka hatuioni. Bapa lake ni jembamba karibu na mpini, halafu linapanuka kuelekea nchani kama jani. Uzito uko mbele, kwa hiyo inakata kama kishoka: matawi ya kuzungushia boma, nyama, na adui akija. Kikingio cha mkono haina. Ala yake imevishwa ngozi nyekundu, inakaa upande wa kulia. Na kwa desturi anayeifua si morani, ni fundi wa Ilkunono, wahunzi ambao Wamasai wenzao walikwepa hata kuoana nao. Yaani shujaa anategemea silaha ya mtu ambaye hawezi kumpa binti yake! Mchoraji anahangaika na nakshi, kumbe ugomvi wa sura tatu uko hapo hapo kwenye ala.

Jambia ni kitu kingine kabisa. Fupi, limepinda, linavaliwa mbele katikati ya mkanda, juu ya kanzu, ili ulione kabla hujamsalimia mwenyewe. Oman imeliweka mpaka kwenye bendera. Kule Yemen mpini uliotamaniwa zaidi ulikuwa wa pembe ya kifaru, na miaka ya 1970 na 1980 soko hilo lilikuwa moja ya sababu za vifaru wetu kumalizwa. Faru weusi wa Afrika walikuwa kama 65,000 mwaka 1970. Katikati ya miaka ya 1990 hawakufika 2,500. Mpini mmoja, na tayari una biashara, magendo na mnyama anayetoweka.

Wahabeshi nao walikuwa na shoteli, iliyopinda kama mundu ili ncha izunguke ngao ya adui. Kama makabila yako hayana ngao, usiichore.

Tukaenda Gerezani kwa mafundi chuma, na mchoro mpya wa mchoraji: upanga wenye miiba pande zote mbili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huu wa kazi gani?"

"Wa vita, mzee."

"Anauvaa wapi? Anatembea kwa miguu au amepanda mnyama?" Akagusa ile miiba kwa kidole cheusi cha grisi. "Hii, akikaa tu, inamchana mwenyewe."

Tulicheka, mchoraji hakucheka. Mzee akainua springi ya lori iliyochoka, akasema chuma anachopata yeye ni hiki, na kimeshapinda tayari, kwa hiyo ukitaka kilichonyooka utalipia jasho. Hapo ndo nikapata upanga wa watu wa jangwani: wanaokota vyuma vya misafara iliyokufa, na kila upanga umepinda vile chuma chake kilivyokuwa.

Limebaki kabila la tano. Mimi nataka wasiwe na upanga kabisa. Wangoni walifika huku kutoka kusini miaka ya 1840 na mkuki mfupi wa kuchoma kwa karibu, na waliogopwa vya kutosha. Mchoraji anasema jalada bila upanga halivuti msomaji. Kura ni mbili kwa mbili, na jalada linatakiwa Ijumaa.