Eldoret, mji ulioinuliwa kwa miguu

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Lakini ukifika Eldoret utaona mbio ambazo hazikuishia ukingoni. Nyingine ziliishia katika jengo la orofa, nyingine katika shamba la ngano, na nyingine katika darasa lililojaa watoto.

Safari ya kutoka Nairobi ni kama kilomita 310. Ukishapita Nakuru barabara huanza kupanda, na mara masikio huziba. Hapo Timboroa baridi hupenya hata sweta, kwa maana unakuwa umepita mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Kisha unateremka kupitia Burnt Forest na kuona uwanda mpana wa Uasin Gishu, mahindi huku na ngano kule. Eldoret yenyewe iko kwenye kimo cha mita 2,100 hivi, kando ya mto Sosiani. Mgeni kutoka Mombasa akipanda ngazi za orofa mbili tu hutweta kama aliyebeba gunia.

Hewa hiyo nyepesi ndiyo inayotajwa sana watu wanapouliza siri ya wakimbiaji wa hapa. Mwili uliozoea kuishi mahali penye oksijeni kidogo hutengeneza chembechembe nyekundu za damu kwa wingi, na mwenye mwili huo akishuka mabondeni hukimbia kwa wepesi. Hata hivyo, hewa pekee haikimbii. Milima iko mingi duniani, na si yote inayotoa mabingwa.

Mji huu haukuanza na riadha. Ulianza kama posta ndogo mwaka 1910, katika shamba nambari 64 la walowezi, wengi wao Makaburu kutoka Afrika Kusini. Wazee waliuita “Sitini na Nne”, na wenyeji wengine wakalitamka Sisibo. Jina la Eldoret lilikuja mwaka 1912, kutokana na neno la Kimaasai linalohusu mto wenye mawe. Reli ilifika mwaka 1924. Leo kuna Chuo Kikuu cha Moi, hospitali kubwa ya rufaa na viwanda. Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipewa hadhi ya jiji, ikawa la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru.

Mtu akitaka kuelewa uhusiano wa jiji hili na mbio, na aanze na uwanja unaoitwa Kipchoge Keino. Ukarabati wake ulioanza katika muongo wa 2010 ulikwama mara kwa mara, lakini jina lililo mlangoni halihitaji kupakwa rangi.

Kipchoge Keino alizaliwa mwaka 1940 katika nchi ya Wanandi. Alijiunga na polisi, akawa mwalimu wa mazoezi ya viungo, na mbio alizikimbia baada ya kazi. Mwaka 1964 alikwenda Olimpiki ya Tokyo akamaliza wa tano katika mita 5,000. Mwaka uliofuata ulimwengu ulimjua vyema, kwani alivunja rekodi mbili za dunia, ya mita 3,000 kule Helsingborg, Sweden, na ya mita 5,000 kule Auckland, New Zealand. Watazamaji wa Ulaya walikuwa wakiingoja ile kofia yake ya rangi ya chungwa. Alipoitupa chini, walijua sasa anafyatuka.

Kilele kilikuwa Mexico City, mwaka 1968. Keino alikuwa akiugua kibofu cha nyongo na madaktari walimwonya asikimbie. Katika mita 10,000, mbio ambazo Naftali Temu alizishinda na kuipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, Keino alianguka kwa maumivu zikiwa zimesalia raundi chache. Siku nne baadaye alipata nishani ya fedha katika mita 5,000. Siku ya fainali ya mita 1,500, tarehe 20 Oktoba, husimuliwa kwamba basi lake lilikwama katika msongamano wa magari, akashuka na kukimbia hadi uwanjani. Huko alimwacha Jim Ryun wa Marekani, aliyekuwa anashikilia rekodi ya dunia, kwa umbali wa mita 20 hivi. Mwaka 1972 kule Munich aliongeza dhahabu ya mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, pamoja na fedha ya mita 1,500.

Sasa msomaji ajiulize: mtu huyo alilipwa kiasi gani? Kwa sheria za wakati ule, mwanariadha wa Olimpiki alikuwa wa ridhaa tu. Akipokea fedha kwa kukimbia, alifungiwa mlango. Ndiyo sababu uamuzi wa Keino wa mwaka 1973 ulikuwa mzito. Alijiunga na kundi la wanariadha wa kulipwa nchini Marekani, International Track Association, na Ryun akawa humo humo. Ben Jipcho naye alifuata. Kuingia humo kulikuwa ni kuiaga Olimpiki. Na kundi lenyewe halikudumu, kwani kufikia mwaka 1976 lilikuwa limekwisha. Miguu iliyoshangaza dunia ikawa haina tena mahali pa kukimbia kwa mshahara.

Hapo ndipo Eldoret inapoingia tena katika hadithi. Keino na mkewe Phyllis, aliyekuwa muuguzi, walikuwa na shamba hapa, nalo likaitwa Kazi Mingi. Jina hilo halikuwa mzaha. Waliwachukua watoto wasio na wazazi, mmoja, kisha watatu, kisha makumi, wakawalea pamoja na wao wenyewe. Mwaka 1999 shule ya msingi yenye jina lake ilifunguliwa, na mwaka 2009 ikafuata ya sekondari. Mwaka 2016 kule Rio de Janeiro, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilimtunuku tuzo ya Olympic Laurel, naye akawa mtu wa kwanza kuipokea. Hiyo ilikuwa heshima ya elimu na malezi, si ya mbio.

Waliokuja baada yake walizikuta fedha. Moses Tanui, bingwa wa dunia wa mita 10,000 mwaka 1991 na mshindi wa Boston mwaka 1996 na 1998, aliwekeza katika majengo mjini na akaanzisha mbio za Eldoret City Marathon. Si yeye peke yake. Ukipita barabarani na kuuliza mwenye jengo fulani ni nani, usishangae ukitajiwa mkimbiaji. Bingwa akirejea, jamaa humlaki kwa mursik, maziwa ya kibuyu yenye rangi ya majivu, na kesho yake watu wa kuuza viwanja humbishia hodi.

Ukiamka alfajiri ukaelekea Kaptagat, au Iten iliyo kama kilomita 35 kutoka mjini, utawakuta vijana kwa makundi juu ya udongo mwekundu, pumzi zikifuka. Wengi wao hutawasikia kamwe redioni. Wameacha shule, wanaishi watatu au wanne katika chumba kimoja, wakingoja siku ya kupelekwa ng’ambo. Kwa kila mmoja anayejenga orofa, wapo wengi wanaorudi nyumbani na viatu vilivyotoboka.

Hata aliyefanikiwa hana dhamana. Kelvin Kiptum alivunja rekodi ya dunia ya marathoni mjini Chicago mwezi Oktoba 2023 kwa saa 2:00:35. Tarehe 11 Februari 2024, akiwa na umri wa miaka 24 tu, alifariki katika ajali ya gari karibu na Kaptagat, pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana kutoka Rwanda. Eldoret nzima ilinyamaza.

Kwa hiyo mzazi anayeletewa na mwanawe habari kwamba anataka kukimbia asimkatishe tamaa, wala asimchomoe darasani. Ampeleke Eldoret wakati wa likizo. Amwonyeshe uwanja wa Keino na jina lililo mlangoni, kisha amwonyeshe na shule yake. Kijana aelezwe kwamba mbio za mita 1,500 zilichukua dakika 3 na sekunde 34.9. Kazi iliyofuata ilichukua miaka zaidi ya arobaini.