Rangi Zinapochujuka Baada ya Mazoezi



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, leo naomba tuzungumze kidogo juu ya macho, na hasa juu ya jambo ambalo vijana wengi hulipata wakalinyamazia. Mtu anafanya mazoezi makali, anakimbia mpaka jasho linamtiririka, kisha anaona rangi zimebadilika. Nyekundu imekuwa kama tofali la udongo, majani yamekuwa ya kijivu, au dunia nzima imechujuka kama kanga iliyofuliwa miaka mingi. Baada ya muda rangi zinarudi. Na kwa kuwa zimerudi, mtu hasemi.

Mimi si daktari, ni mwalimu wa madrasa hapa Nyamirambo, Kigali. Lakini mwalimu huona mengi, na wanafunzi humwambia maalim mambo ambayo baba zao hawawaambii. Kwetu hapa, tangu mwaka 2016, kuna Jumapili ambazo barabara kadhaa hufungwa magari yasipite na watu hutoka kukimbia. Vijana wa darasa langu la jioni wao hupenda kupanda mlima Kigali. Mji wenyewe uko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mlima huo umepita meta 1,800, kwa hiyo mgeni wa kutoka Dar es Salaam akiufuata msafara wetu huomba kupumzika mapema sana. (Mimi mwenye miaka arobaini na kitu huwafuata kwa nyuma, nikisema kwamba nawachunga.)

Sasa, mabadiliko haya si ya aina moja, na hapo ndipo watu wanapochanganya. Aina ya kwanza ni ya kawaida kabisa. Mtu amekimbia kwa nguvu, akafika, akasimama ghafla. Wakati wa kukimbia mishipa ya damu ya miguuni hutanuka, na misuli ya miguu husaidia kuisukuma damu irudi juu kwenye moyo. Akisimama ghafla damu nyingi hubaki chini, presha hushuka, na jicho ndilo hulalamika mwanzo. Ndani ya jicho kuna msukumo wake wa maji, na damu inatakiwa kuushinda msukumo huo ndipo iingie. Ikikosa nguvu, rangi hupotea, kingo za mwono huingia giza, na mtu yu macho bado anasikia kila kitu. Marubani wa ndege za kivita wanalijua jambo hili vizuri: wanapokata kona kali kwa mwendo mkubwa, rangi huondoka kwanza, kisha pembeni kunakuwa giza, halafu giza tupu, yote haya kabla ya kuzimia. Dalili hii huja macho yote mawili, huchukua sekunde chache, na dawa yake ni kutosimama ghafla. Tembea polepole dakika kadhaa, kunywa maji, na ukihisi kuanguka keti au lala chini. Wale wanaocheza mpira saa moja kabla ya futari, wakiwa hawajanywa maji tangu daku, wasishangae ikiwapata. Lakini anayepatwa na hali hiyo mara kwa mara, au akazimia kweli, aende kupimwa moyo na presha.

Pia kuna udanganyifu mdogo wa jua. Ukilala chali uwanjani baada ya mazoezi, jicho moja umelifunika kwa mkono na jingine umelifumba tu ukilielekeza kwenye jua, mwanga utapita katika ukope wako ukiwa mwekundu. Ukifumbua, jicho lile litaona vitu vina ubuluu au ukijani, na jingine halioni hivyo. Hilo halina ubaya, jicho limechoka na wekundu tu. Watoto wangu wamelifanya mchezo.

Aliyenifanya niandike haya hakuwa na lolote kati ya hayo. Ni kijana wa miaka 19, mwepesi wa kukimbia kuliko wote darasani. Siku moja baada ya mazoezi alinisubiri wenzake waondoke, akaniambia, "Maalim, jicho langu la kulia linaniibia rangi." Alikuwa akifuta jasho jicho la kushoto kwa fulana, akamtazama mwenzake kwa jicho la kulia peke yake, na jezi nyekundu akaiona ya hudhurungi. Akatoa fulana machoni, jezi ikawa nyekundu tena. Akadhani ni jasho. Siku ya pili hivyo hivyo, siku ya tatu hivyo hivyo, kila mara mwili ukishapata joto, na akipumzika kivulini kwa muda inaondoka. Nilipomdadisi akakumbuka kwamba wiki kadhaa nyuma jicho hilo hilo lilimuuma kila akiligeuza huku na huku. Alimeza vidonge vya maumivu, likapoa, akasahau.

Nilikwenda kwa baba yake jioni ile ile. Baba ni mtu mwema, anampenda mwanawe, akaniambia, "Maalim, huyu kapigwa jicho. Watu wamemwona anavyokimbia. Nakuomba umsomee." Nikamjibu kwamba kumsomea nitamsomea, na kesho asubuhi tutampeleka kwa daktari, kwa sababu Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu na hili halizuii lile. Nasema wazi kwa walimu wenzangu: mtu akituletea mgonjwa tumsomee, tusiwe sisi ndio sababu ya yeye kuchelewa hospitali. Mshipa wa jicho haungoji.

Kituo cha kwanza walimpa dawa ya matone wakamrudisha nyumbani, habari za rangi hata hawakuuliza. Wa pili alikuwa bingwa wa macho. Huyo alimsikiliza mpaka mwisho, akachukua kifuniko chekundu cha chupa, akamwambia akitazame kwa jicho hili, kisha kwa jicho lile, aseme kama wekundu ni ule ule. Haukuwa ule ule, hata akiwa amekaa. Akatueleza kwamba mshipa wa fahamu unaopeleka habari za jicho kwenye ubongo ulipata uvimbe yale majuma ya maumivu. Mshipa huo una ganda la mafuta, mfano wa plastiki inayofunika waya wa umeme. Ganda likichubuka, habari zinapita kwa shida, na joto la mwili likipanda hata nusu digrii zinaweza kukwama kabisa. Mwili ukipoa, zinapita tena. Mwenye kulieleza jambo hili mwanzo ni daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, mwaka 1890, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Yeye alidhani ni mazoezi yenyewe. Waliokuja baadaye wakatambua kwamba ni joto. Ndiyo maana maji ya moto ya kuoga au homa nayo huweza kulileta.

Baba akauliza swali ambalo sote tulikuwa nalo: je, akikimbia anazidi kujiharibu? Daktari akasema hapana, kule kufifia hakuongezi jeraha. Tatizo ni kule lilikotoka. Uvimbe kama huo huweza kuwa wa mara moja ukaisha, na huweza kuwa mwanzo wa ugonjwa unaoitwa multipo sklerosisi, ambapo kinga ya mwili hushambulia maganda ya mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Siku hizi una dawa za kuupunguza kasi, na zinafaa zaidi zikianza mapema. Kwa hiyo akaagiza kipimo cha MRI cha kichwa. Bei yake ilitutoa jasho pasipo kukimbia, lakini jamaa wa msikiti walichangishana na ikatimia.

Majibu yalionyesha alama kwenye mshipa wa jicho, na ubongoni hapakuwa na kitu. Daktari alifurahi, ila hakutuambia twende zetu. Kipimo kitarudiwa.

Wazazi, jaribio la kifuniko chekundu halina gharama, mnaweza kulifanya jikoni. Mtoto akiona wekundu tofauti kati ya jicho na jicho, au jicho likimuuma akiligeuza na mwono ukapungua, mpelekeni kwa daktari wa macho siku hizo hizo, msingoje mwisho wa mwezi. Vivyo hivyo akiona duara za rangi za upinde wa mvua kuzunguka taa baada ya kukimbia, maana hiyo huweza kuwa presha ya macho. Ama aliyezaliwa hatofautishi nyekundu na kijani, huyo hali yake ni moja asubuhi na jioni, haiji na kuondoka.

Kijana wetu bado anakimbia. Hutoka baada ya swala ya Alfajiri, kabla jua halijapata nguvu, amefunga shingoni kitambaa cha maji baridi. Rangi zikianza kuchujuka hutembea mpaka zirudi, na dakika anaziandika katika daftari alilotakiwa na daktari awe nalo. Wiki iliyopita zilikuwa 12. Habari ya saumu ya Ramadhani ameniuliza, nikamwambia tutamsikiliza daktari kwanza, kisha mimi na yeye tutakaa. Kipimo cha pili ni mwezi wa Rajab, InshaAllah.

Wassalaam.