Kiambi: Lori lilikosa pumzi, muuza mazutu akalaumiwa

Saa nane za mchana, kwenye mlima kabla ya barabara kuteremka kuelekea mto Luvua, lori lililotoka Kalemie lilianza tena kutetemeka. Haukuwa mtetemo wa mashimo. Huo abiria waliokaa juu ya mizigo walikuwa wameuzoea tangu asubuhi. Huu ulitoka chini. Moteri ilikohoa, ikashika, ikaachia, hadi magunia yakacheza na mbuzi mmoja akaanza kulia. Shofere alirudi gia ya pili, kisha ya kwanza, kisha moteri ikazima kabisa. Motoboi akaruka chini kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Siku hiyo ilikuwa mara yake ya tatu.

Juu ya lori kulikuwa na familia sita zilizokuwa zikirudi nyumbani Kiambi. Zilihama wakati wa mapigano kati ya Wabatwa na Waluba, yale ya 2016 na 2017 yaliyomwaga watu wa Manono na Nyunzu hadi kandokando ya mji wa Kalemie. Miaka yote hiyo walilima mashamba ya wengine kwa malipo ya siku. Safari hii walibeba sufuria, mabati machache, na mbegu za mahindi na karanga. Mwezi ulikuwa Oktoba, mvua zimeanza kugonga. Mtu anayerudi kwenye shamba lililoota msitu anahitaji kila siku ya mwezi huo, na hapa siku zilikuwa zikiishia barabarani. Pesa za safari zilikwisha kulipwa kabla ya kuondoka. Hakuna aliyekuwa na nyingine ya kutafuta lori la pili, na lori la pili lenyewe halikuwapo.

Gari ni Mercedes 1113, lenye umri kupita shofere wake. Magari ya aina hii yanapendwa katika barabara zetu kwa sababu moteri yake haina kompyuta: silinda sita, lita tano na nusu na zaidi kidogo, pompi moja ya kusukuma mazutu, na injekteri sita. Fundi mwenye funguo na masikio anaweza kuisoma. Tatizo ni kwamba watu wengi huanza kuifungua kabla ya kuisoma.

Ugonjwa wake ulikuwa hivi. Asubuhi liliwaka vizuri na kuvuta mzigo bila taabu. Baada ya muda nguvu zikapungua kidogo kidogo, hasa kwenye mlima, kisha likatetemeka na kuzima. Likipumzika karibu nusu saa, linawaka tena na kwenda kama vile hakuna kilichotokea. Baada ya kilometa kadhaa, yaleyale.

Shofere alikuwa na jibu lake tayari: mazutu mabaya. Katika kijiji kimoja njiani alinunua bidoni nne kwa kijana mmoja kadafi, ndivyo tunavyowaita wanaouza mazutu kando ya barabara. Tangu ajaze tangi kwa bidoni tatu kati ya hizo, ugonjwa uliongezeka. Gari lilipozima mara ya kwanza baada ya hapo, lilikuwa bado karibu na kijiji. Shofere akarudi kwa miguu, akamwambia kijana mbele ya watu kwamba ametia maji ndani ya mazutu, akamnyang'anya bidoni zake tupu mbili kama rehani hadi arudishe pesa. Kijana alikana. Naye ni mhamiaji, anaishi na mama yake kwa watu, na bidoni hizo ndizo duka lake lote. Walioshuhudia walisema alibaki amesimama palepale hata baada ya shofere kuondoka.

Fundi wa kijiji hicho aliitwa. Alifungua filta ya mazutu, akaikuta nyeusi, akaweka nyingine, akasukuma pompi ndogo ya mkono hadi mapovu ya hewa yakaisha. Lori likawaka, likaenda vizuri. Watu wakapiga makofi. Shofere akamwomba fundi apande nao hadi Kiambi, na huo ndio uamuzi bora alioufanya siku hiyo, kwa sababu filta ile haikuwa imeponya kitu. Ilikuwa chafu kweli, lakini uchafu unaoonekana si lazima uwe ndio ugonjwa.

Kwenye mlima, fundi mwenyewe aliogopa kwamba pompi kubwa imekufa. Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Pompi hiyo hufungua injekteri kwa shinikizo la bar 200 hivi, wakati gurudumu la lori hujazwa bar saba au nane tu. Ikichakaa, nguvu hupotea na moteri hutetemeka. Lakini pompi ya namna hiyo haitengenezwi chini ya mwembe. Inafunguliwa, inafungwa kwenye gunia, inatafutiwa njia hadi Lubumbashi, na lori linabaki juu ya mawe kwa majuma. Familia sita zilisikia jina la Lubumbashi zikanyamaza.

Hapo fundi akafanya jambo ambalo si wote hulifanya: aliacha funguo chini akauliza maswali. Mtetemo unakuja gari likianza tu kuondoka? Hapana, basi si ambreyaji. Unafuata mwendo wa magurudumu, hata kwenye mteremko? Hapana, basi si kardani wala magurudumu. Unakuja moteri ikibeba mzigo. Moshi ukoje? Ungekuwa mweusi, angetazama filta ya hewa iliyojaa vumbi, moteri ikikosa hewa ya kuunguzia mazutu. Ungekuwa mweupe na wenye harufu kali, angefikiri kuhusu mazutu yasiyoungua. Lakini motoboi alisema gari linapokosa nguvu, moshi karibu haupo. Moteri isiyo na nguvu na isiyo na moshi, mara nyingi ina njaa. Mazutu hayafiki.

Moteri ilipowaka tena, alilegeza nati ya bomba la kila injekteri, moja baada ya nyingine, na kuikaza tena. Kila alipolegeza, sauti ilibadilika, maana kila silinda ilikuwa ikifanya kazi. (Mashofere wasijaribu hilo kwa vidole. Mazutu yanayotoka kwa shinikizo hilo hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo kama la sindano linaweza kumpotezea mtu mkono.)

Kisha jaribio la mwisho. Alichukua ile bidoni ya nne ya kadafi, iliyokuwa haijaguswa, akaifunga juu kwenye mlango wa kabini, akatumbukiza tiyo ya plastiki na kuipeleka moja kwa moja kwenye moteri, akiliacha tangi la gari kando. Akatoa hewa, akawasha. Abiria wakashuka kupunguza mzigo wa shaka, si wa gari. Magunia yote yalibaki. Lori likapanda mlima ule kwa gia ya pili bila kutikisika, hadi juu. Pompi haikuwa na kosa. Na mazutu yaliyolipandisha yalikuwa ya kijana yule. Shofere alitazama ile bidoni, hakusema neno.

Kwa nini basi tangi lake linyime? Fundi alipuliza bomba linalotoka kwenye tangi, likapitisha. Akawa anatafuta tundu linalovuta hewa, akipapasa kila kiungo. Ndipo mama mmoja mzee, aliyesafiri muda wote akiwa ameketi upande wa tangi, akasema: "Papa, miye nimehesabu. Kila mara munafungula ule mudomo kwa kutia mazutu ao kuangalia, gari inapona. Haiko ile filta."

Watu walicheka kidogo. Fundi hakucheka. Akazunguka kutazama.

Mfuniko wa tangi ulipotea zamani. Mahali pake shofere alifunika kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, akakaza kwa waya mara nne, kwa sababu ya vumbi, mvua, na wezi wa usiku. Kazi nzuri, ya mtu anayejali. Mfuniko wa kiwandani lakini una njia ndogo ya kuingizia hewa, na mpira huu haukuwa nayo. Sasa ulikuwa umenyonywa ndani, umebonyea kama kikombe. Fundi alipokata waya, tangi lilivuta pumzi kwa sauti ambayo hata watoto waliisikia.

Mwenye kufungua kopo la maziwa analijua jambo hili. Ukitoboa tundu moja, maziwa yanakataa kutoka. Unatoboa la pili ili hewa iingie. Mazutu yalikuwa yakitoka tangini bila kitu cha kushika nafasi yake, hadi pompi ndogo ikashindwa kuvuta. Likisimama, hewa ilipenya polepole kando ya waya, ndiyo maana lilipona kwa kupumzika. Na ugonjwa uliongezeka baada ya kujaza kwa sababu tangi likijaa, hewa iliyobaki juu ni chache na huisha mapema. Kile kilichoonekana kuwa ushahidi dhidi ya kadafi kilikuwa hesabu ya nafasi tupu tu. Hata filta mpya ilisifiwa bure: shofere alikuwa amefungua mdomo wa tangi kutazama maji.

Fundi alitoboa mpira kwa msumari, akafunika juu kwa kitambaa ili vumbi lisiingie, akaufunga tena. Kazi ya dakika tano. Lori lilifika Kiambi jioni, mvua ikiwa imeanza, na familia zilishusha mbegu kwanza kabla ya vyombo vyote. Bado linatetemeka kidogo likiwa limesimama, sababu mpira mmoja unaoshika moteri umekatika, lakini hilo linaweza kungoja Kalemie.

Mama mzee alipewa kiti cha mbele kwa kilometa zile za mwisho. Alikataa, akasema huko hataona tangi.

Siku ya tatu lori lilirudi njia ileile, tupu. Lilisimama kwa kadafi. Shofere alishuka akiwa ameshika zile bidoni mbili mikononi, akaomba aitiwe mama wa kijana pamoja na watu waliokuwapo siku ile. Ilichukua muda kuwakusanya. Alingoja.